Leukemia mu familia: haiko bulozi, na haiko sababu ya kuachisha mtoto ziwa

Mu Kikula ao Panda, baba akifariki na leukemia, kisha dada yake akianza kutembea na fimbo, kilio hakiishi bila mtu kusema: «Mu hii familia kuko kintu.» Na wazee wanaanza kutafuta mulozi.

Mara moja moja kweli kuko kitu, lakini ni virusi. Inaitwa HTLV-1. Iligunduliwa Marekani karibu mwaka 1980, mbele ya ile ya SIDA. Inaingia mu chembe nyeupe za damu na kubakia humo maisha yote. Leukemia nyingi hazitoke kwake. Wenye kuwa nayo pia, walio wengi hawasikie ugonjwa mpaka kufa. Lakini wachache, kama watano hivi mu 100, inawaletea leukemia kali, mara nyingi kisha miaka 40 ao zaidi. Wengine miguu inakazana pole pole. (Kuko pia konzo, yenye kutoka ku mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, ile ni ugonjwa mwingine.)

Kwetu Kongo jambo hili si geni. Mu 1990 waganga waliandika juu ya Lisala, mu Équateur ya zamani: wagonjwa wa miguu walikuwa wanapatikana mu jamaa zile zile. Juu ya nini? HTLV-1 haipite mu sahani, mu kitanda wala mu kusalimiana. Inapita mu maziwa ya mama, zaidi mtoto akinyonya muda mrefu. Mu tendo la ndoa. Na mu damu yenye kutiwa hospitalini. Njo vile bibi anampa binti, binti anampa mjukuu, bila mtu kujua.

Japani walitafuta kukata hiyo njia. Tangu 1987, mu Nagasaki, mama wenye mimba wanapimwa, na mwenye virusi anashauriwa kutumia maziwa ya unga. Watoto wenye kuambukizwa walishuka toka karibu 20 mu 100 mpaka karibu 3. Kuanzia 2011 upimaji ukawa wa inchi nzima.

Sasa tufanye vile Likasi? Hapa njo kuko shida. Maziwa ya unga inaomba maji safi kila siku na makuta kila wiki. Mu kartiye penye bomba inakauka, mtoto anaweza kufa na kuhara mu mwezi mmoja, eti anakimbia leukemia ya miaka 50 yenye labda isingefika. Kwa hiyo mama asiachishe mtoto ziwa juu ya habari hii. Akipimwa na kukutwa nayo, aongee na munganga wake.

Kitu cha kuomba serikali kwanza ni damu. Kawaida inapimwa SIDA, hepatite B na C, na kaswende. HTLV-1 haiko mu orodha. Na watoto wetu wenye anemia SS wanatiwa damu mara nyingi.

Na wewe, kama mu jamaa yenu kuko watu wawili wenye ugonjwa wa vile, umwambie munganga historia yote, hata ya bibi. Mwenye kukutwa na virusi asitoe damu, na bwana na bibi watumie kapoti. Mulozi mumuache.