Arusi ya mwami: furaha ni ya wote, hesabu nayo iwe ya wote

Kila mara mwami anapooa katika usultani fulani wa Kivu ya Kusini, maneno ni yale yale. Wazee wanasema: hii ni heshima yetu, acheni ngoma ipigwe. Vijana wengi wanajibu: hayo ni mambo ya zamani, pesa iende kwenye barabara. Pande zote mbili zinaruka swali lenyewe: arusi ile ni ya nyumba ya mwami, ao ni ya raia?

Kwa desturi ya Bushi, ni ya raia. Mwanamke anayeolewa pale anaweza kuwa mama wa mrithi. Mwami akifa na kuacha mtoto mdogo, mama huyo, mwamikazi, anaweza kushika utawala mpaka mtoto akomae. Basi siku ya arusi watu hawaangalii bibi arusi tu. Wanaangalia mtu ambaye kesho anaweza kukata mashauri ya mashamba yao. Kijana anayesema jambo hili halimuhusu anajidanganya.

Lakini wazee nao wasishangilie haraka. Jambo likiwa la raia, raia wana haki ya kuuliza. Kwa sheria ya Oktoba 2008, usultani ni sehemu ya utawala wa nchi, una baraza lake na bajeti yake. Mfuko wa usultani si mfuko wa mwami. Ndani yake mna pesa ya mama anayeuza mihogo sokoni.

Tena kuna mchango. Mkulima wa Bushi anajua kalinzi, ile anayotoa ili apate shamba. Akiombwa sasa mbuzi ya arusi, atakataa namna gani mbele ya yule anayegawa ardhi? Mchango wa namna hiyo si zawadi. Ni kodi isiyo na karatasi.

Wengine wanatoa mfano wa Ubelgiji, na fahari iliyoonekana Brussels tarehe 4 Desemba 1999, Philippe alipomuoa Mathilde. Mfano ni mzuri, lakini usomwe wote. Kule pesa ya mfalme inapangwa na sheria mwanzoni mwa utawala wake. Mrithi akioa bila ruhusa, anapoteza haki ya kiti. Kuiga magari na mavazi yao bila kuiga sheria hiyo ni kuchukua ganda na kuacha ndizi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kijadi, mradi desturi isipingane na sheria. Inayapa pia kazi ya kuleta umoja. Hapo ndipo arusi ya mwami ina faida: siku ambapo wakuu wa grupma wasiosemezana wanakaa chini ya hema moja, na watu wao wanawaona.

Faida hiyo haihitaji deni. Baraza la usultani litangaze mbele kiasi kitakachotoka mfukoni. Anayetoa mchango atoe kwa hiari, na asiyetoa asiandikwe popote. Kisha arusi ikipita, hesabu isomwe mbele ya wakaaji. Mwami anayeogopa kusomewa hesabu ya arusi yake, ataaminiwaje kwa hesabu ya ardhi yao?