Hesabu ya Maji ya Usangu

Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu hukauka wakati wa kiangazi. Mto ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima sasa huwa mchanga na madimbwi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na viboko husongamana katika matope. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Frederick Sumaye, aliahidi mjini London kwamba ifikapo mwaka 2010 mto utapita maji mwaka mzima. Mwaka huo ulifika ukapita, na kiangazi kikaendelea kuukausha mto.

Kila ukaukapo hutafutwa mkosaji. Wengine humtaja mfugaji, wengine mkulima wa mpunga. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 kinamasi cha Ihefu kikatiwa ndani ya Hifadhi. Hayo ni mambo mazito, yagusayo riziki za watu. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: hesabu yasemaje?

Hesabu ipo. Mwaka 2006 Japhet Kashaigili na wataalamu wenzake walitoa kielelezo cha hesabu cha Ihefu. Walijumlisha maji yaingiayo kwa mito na kwa mvua, wakatoa yale yanyweshwayo na jua, wakapata yale yatokayo. Ihefu ni kama bakuli lenye ukingo wa mwamba pale N'Giriama. Maji yakishuka chini ya mwamba huo, hata tone moja halitoki. Waliona kwamba tangu 1958 hadi 2004 maji yaingiayo kati ya Julai na Novemba yalipungua kwa asilimia 70 hivi, hasa kwa sababu ya kuchotwa kwa kilimo cha umwagiliaji. Nacho kinamasi wakati wa kiangazi kilipungua kutoka kilomita za mraba 160 hadi 93.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Ili mto upate angalau lita 600 kila sekunde za kuhifadhi uhai wake, yapasa ziingie Ihefu lita 7,000 hivi kila sekunde, yaani karibu mara mbili ya zilizokuwa zikiingia wakati huo. Asiyejua hesabu atadhani kwamba kurudisha lita 600 kwatosha. Hakutoshi, maana jua hunywa kwanza na mto hunywa mwisho.

Wafanya kazi wa viwandani nao wana neno lao. Umeme ulipogawiwa kwa zamu, wakulima wa Usangu walilaumiwa kwamba wamelikausha bwawa la Mtera. Lakini vipimo vyaonyesha kwamba Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, wala si na maji machache ya kiangazi. Mfereji ukifungwa mwezi Septemba utamsaidia kiboko na samaki. Taa za mjini hautaziwasha. Haya ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake. Tukiyachanganya, tutamtoza mkulima deni lisilo lake, na bwawa litabaki vile vile.

Basi tufanye nini? Kwanza, mifereji ifungwe baada ya mavuno, na amri hiyo iyashike mashamba makubwa sawasawa na jaruba la mwanakijiji. Pili, vijiji vinywavyo maji ya mifereji hiyo vichimbiwe visima kabla mifereji haijafungwa, maana hatuwezi kumnywesha mnyama kwa kumnyima mtoto. Tatu, kila shauri la kukata njia ya maji ndani ya kinamasi lijaribiwe kwanza katika hesabu, kwa kuwa maji yakiharakishwa kutoka, majani na mazalio ya samaki hupungua. Nne, vipimo vya mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera visomwe kila mwezi katika mikutano ya vijiji, ili kila mtu aone nani amechukua na kiasi gani kimebaki.

Ahadi ya kuurudisha mto ilikuwa njema, lakini ahadi haijazi bakuli. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Usangu limekwisha andikwa. Kazi iliyobaki ni kulifungua mbele ya wote na kugawana mzigo kwa haki.