Masazo ya Shambani na Chupa za Jalalani



Wapo miongoni mwetu waliopendekeza kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo zikusanye chupa za plastiki na kuziuza, ili fedha ziingie katika mfuko wa ujenzi. Nia yao ni njema. Hata hivyo twaomba kutofautiana nao, na sababu yetu imo katika Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19.

Humo Mwenyezi Mungu anamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembezoni, au kurudi nyuma kuokota yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini na ya mgeni. Hatuambiwi kwamba ni sadaka ya mwenye shamba. Ni fungu lao.

Hapa Dar es Salaam wenye mashamba ni wachache, lakini waokotaji wapo. Hupita alfajiri na viroba mgongoni wakitafuta chupa, makopo, maboksi na vyuma chakavu, ambavyo huviuza kwa kilo, navyo hatimaye hufika viwandani na kutengenezwa upya. Sehemu kubwa ya urejelezaji katika miji yetu hufanywa na mikono hiyo, isiyo na mshahara na mara nyingi isiyo na glavu.

Je, masazo yetu twayaachaje? Twachanganya maganda ya ndizi, maharage yaliyochacha, pampasi, wembe na chupa iliyovunjika katika mfuko mmoja, kisha twaufunga fundo. Anayetafuta riziki yake humo hana budi kuingiza mkono. Asichokipata hapo mlangoni kitapakiwa kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako wenzake watakitafuta katika uvundo mkubwa zaidi.

Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani mwetu ni za jikoni, zenye kuoza. Tukizitenga hizo tu katika ndoo yake, zikawa mbolea ya mchicha au chakula cha mbuzi wa jirani, zilizobaki huwa kavu na zenye thamani. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 211, aliutaja utenganishaji wa taka miongoni mwa matendo madogo ya kila siku ya kuutunza ulimwengu.

Mtasema gari la taka litachanganya vyote tena. Mara nyingi ni kweli. Lakini chupa safi iliyowekwa kando ya lango ni nadra kulisubiri gari, mwokotaji huwahi. (Wanaochoma plastiki uani nao wafikirie mapafu ya watoto wao, maana moshi ule una sumu.) Na wasemao kwamba mazoea hayabadiliki wakumbuke tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, nasi tukarudia vikapu.

Basi Jumamosi hii, jumuiyani, tukubaliane: ndoo ya vyenye kuoza, kiroba cha vikavu, na kopo lenye kifuniko kwa ajili ya nyembe na vigae vya chupa. Kiroba kikijaa, apewe yule apitaye mtaani kwenu, tena kwa salamu na kwa jina lake.

Kuhusu mfuko wa ujenzi, tutatafuta njia nyingine.