KOMPYUTA ZA OFISINI ZISITUPWE



Tumesikia kwamba mkutano mkuu ujao utaletewa pendekezo la kununua kompyuta mpya kwa fedha za makato ya kahawa. Zile tatu za zamani, ati, wachukue wanunuzi wa vyuma chakavu. Sisi tunaoandika gazeti hili la ukutani tunasema: ngojeni kwanza.

Tunaambiwa mashine zimechoka. Jamani, mpini ukivunjika, nani hutupa jembe? Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani. Kilichofikia mwisho ni programu, siyo chuma.

Programu nyingine ipo. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds kule Finland mwaka 1991, hupatikana bure, na aina zake nyepesi hufanya kazi hata kwenye mashine yenye memori ya gigabaiti 4. Fundi akitoa vumbi, akabadili diski ya kuzunguka akaweka ile isiyozunguka, mashine iliyokuwa ikijikongoja huamka. Kwa hesabu za mizani na malipo ya wakulima, inatosha kabisa. Karani itambidi ajifunze upya kidogo, lakini kujifunza hakumaliziwi fedha za kahawa.

Na liko jambo ambalo halijasemwa. Ndani ya diski zile mna majina yetu, kilo zetu na namba zetu za akaunti. Kufuta faili juu juu hakutoshi, mjuzi anaweza kulirudisha. Kuuza mashine kabla diski nzima haijasafishwa ni sawa na kuuza daftari la ushirika sokoni.

Wanaosema basi zitupwe shimoni nao wafikiri. Nyaya zikichomwa hutoa moshi wa sumu, na vioo vya skrini zile nene za zamani vina risasi ndani yake. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na chini ya robo yake ndiyo inayojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Hapa kwetu tusiongeze.

Hatusemi kila kitu kitapona. Betri iliyovimba ni hatari, isichajiwe wala isitobolewe. Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Fundi azikague zote kabla ya mkutano, aandike gharama, isomwe mbele ya wanachama.
2. Zitakazopona: moja ibaki ofisini, moja iende kwenye mizani, moja ipewe shule yetu ya msingi baada ya kusafishwa diski. Ikiwekwa programu ya Kiwix, watoto watasoma Wikipedia ya Kiswahili bila intaneti.
3. Isiyopona itolewe diski, kisha apewe mkusanyaji mwenye kibali.

Ndugu, njooni mkutanoni, wake kwa waume. Makato yale ni jasho letu. Tusikubali yatumike kabla hatujasikia hesabu ya fundi.