Kamera Ziingie Baraza la Madiwani

Duara la wachimbaji likititia, simu ziko hewani kabla ya kamba kushushwa. Mwaka 2015 pale Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walipotolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, nchi nzima ilishangaa. Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui zilipobomoka, video za mashamba na nyumba zilizofunikwa huko Kishapu zilisambaa upesi. Vikao vya fidia vilivyofuata, nani kati yetu aliviulizia?

Ndugu zangu wa Shinyanga na Geita, tunapenda kutazama maafa, na vijana wetu wa video za mtandaoni wanatupa hayohayo, wakiongezea fumanizi na waganga. Siwalaumu sana. Wanakula kwa idadi ya watazamaji, na watazamaji ni sisi.

Lakini pesa yetu inaamuliwa kwingine. Kampuni za madini hulipa halmashauri ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mapato ghafi. Tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2017, mgodi unatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii, na halmashauri iukubali. Humo ndimo yalimo madarasa, zahanati na visima vyetu. Baraza la Madiwani hujadili mambo haya, na kisheria vikao vyake viko wazi kwa mwananchi yeyote.

Kikwazo cha kuvirusha mtandaoni kipo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Marekebisho ya 2022 yalipunguza wanaobanwa, leseni ikabaki kwa wanaotoa habari. Yaani mchekeshaji amepumua. Anayetaka kurusha mjadala wa bei ya madawati bado yuko kwenye foleni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Kwangu huo ni mpangilio uliokaa kichwa chini, na tuiandikie mamlaka hiyo, kata kwa kata, iwafutie ada wanaoripoti habari za wilaya zao.

Wakati tukisubiri jibu, tuchange. Wenye maduara, wenye karasha, bodaboda, vikoba, kwaya: kila kata yenye mgodi itoe nauli na posho ya mwandishi wa redio ya jamii au televisheni ya mtandaoni yenye leseni, ahudhurie kila kikao cha robo mwaka. Asifike kwa gari la mgodi, asirudi na bahasha ya halmashauri. Mfuko ukae kwa klabu za waandishi wa habari za Shinyanga na Geita, na anayechanga asiwe na sauti juu ya kipi kirushwe, hata kama ni mwenye karasha kumi. Video irushwe nzima, na sisi tuitazame.

Muulize diwani wako leo tarehe ya kikao kijacho, kisha iweke kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wako.