Apigaye Gitaa Asikilizwe

Fundi wa gereji huko Gatsata, Kigali, ajifunzaye gitaa baada ya kazi, hana mwalimu bora kuliko Masanga, wimbo wa Jean-Bosco Mwenda ambao Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Mwenda alitumia vidole viwili: gumba kwa besi, shahada kwa sauti ya juu.

Wajifunzao pamoja yafaa wajirekodi kwa simu, kisha wapeane. Sikio la mwenzi hutambua gumba linapochelewa, jambo ambalo mpigaji mwenyewe halisikii. Lakini akosoaye aanze na lililo jema, aonyeshe penye kosa, wala asicheke. Kicheko kimoja huweza kulitundika gitaa ukutani milele.

Jamaa nao wasizifute sauti hizo. Andre Sebanani, mwimbaji wa orkesta ya Impala, aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nyimbo zake zasikika hata leo kwa kuwa zilirekodiwa. Mwenye baba apigaye gitaa, kambini au nyumbani, na amrekodi angali hai.