Tusidanganyane, Plastiki Tunaacha Juu ya Doh

Kama ulikuwa Nairobi kabla ya Agosti 2017, unakumbuka vile juala zilikuwa zimejaa mtaani. Kwa miti, kwa mitaro, kwa waya za stima. Ukinunua nyanya tatu, juala. Ukinunua mkate ushafungwa na plastiki, unapewa juala ingine juu yake. Bure kabisa.

Serikali ilikuwa imejaribu kukataza zile nyembamba 2007 na 2011, lakini nani alishtuka? Halafu 28 Agosti 2017 ikafika: faini ya hadi milioni 4, ama jela hadi miaka minne. Manze, ghafla wasee wanatembea na kiondo cha shosho bila aibu, na supamaketi zikaanza kuuza mifuko.

Hapo kwa kuuza ndio story iko. Kitu ikiwa bure hakuna mtu anaifikiria. Ukiambiwa utoe mbao, unaanza kujiuliza kama hizo sabuni mbili haziwezi kuenda na mkono. Mimi niko na mfuko mmoja nimebeba hadi rangi imeisha. Sijawahi ubeba nikifikiria kasa wa Watamu. Nafikiria mbao yangu.

Cheki ATM ya maziwa. Hakuna karao alituma mtu huko. Wasee wanatoka keja na chupa yao juu maziwa ya kupima ni bei poa kuliko ya pakiti, na unanunua ya ile doh uko nayo, hata kama ni finje. Mafuta ya salad ya kupima, ni vilevile. Na chupa ya soda ya kioo imekuwa ikirudi dukani tangu wazazi wetu wakiwa watoto, kwa sababu ukienda bila chupa unaacha doh ya chupa. Plastiki inapungua na hakuna mtu amehubiriwa.

Noma iko kwa kadogo. Ile marufuku ilishika juala za kubebea, haikugusa pakiti za kiwandani. Sabuni ya unga, majani chai, mafuta ya nywele, zote ziko kwa vipakiti vidogo, na wanunuzi ni sisi wa kuishi siku kwa siku. Ukipiga hesabu ya gramu, tunalipa zaidi ya mtu wa kilo, halafu takataka inabaki kwa mtaro wetu. So ukisikia mtu anaambia watu wa Mukuru wachague vizuri, muulize wachague kati ya nini na nini.

Ndio maana ule ushuru wa mazingira kwa Mswada wa Fedha wa 2024 ulitukera hivyo. Ulikuwa unaongeza gharama hadi kwa daipa za watoto, na hakuna mahali ulisema tutapata wapi ya kupima. Mswada ulianguka Juni hiyo hiyo. Vipakiti navyo bado viko.

Mtaani kwetu pampu ya sabuni ya maji ni moja tu, na inafungwa saa mbili usiku. Msee anatoka job saa tatu. Atabuy kapakiti.